Pua Ichunguliwayo Haikauki Damu

Pua ichunguliwayo haikauki damu. Ndivyo alivyosema Mzee Chibago jana, aliposimama kumpa bwana harusi nasaha, na sisi wenye mvi tukacheka mpaka mmoja wetu akamwaga soda. Ninyi mkabaki mnatazamana. Leo tangu tumeanza kusugua masufuria haya mmeniuliza mara tatu, "Bibi Nyemo, pua imeingiaje harusini?" Haya, nitawaambia, ila mikono isisimame. Wala msije mkasema nimewasengenya wakubwa wenu, kwa sababu katika habari hii aliyefanya vibaya kuliko wote ni mimi.

Methali nyingine hatujui zimetoka kwa nani. Hii wenyewe nawajua kwa majina. Ilianzia nyuma ya tembe letu la zamani kule Chidilo, kwenye kiwanja cha kupuria uwele, mwaka wa tatu tangu babu yenu Ndahani amuoe bibi yenu Sechelela. Ndahani ni kaka yangu, tumbo moja.

Kaka yangu alikuwa mtu mwema. Nalisema hilo kwanza kwa sababu yatakayofuata hayamsifu. Alikuwa mchapakazi, hakumpiga mtu, na mgeni akipita hatoki na njaa. Lakini alikuwa na wivu. Sisemi ule wivu mdogo ambao mke huufurahia kwa siri. Wake ulikuwa hauli wala haulali.

Mnakumbuka tembe lilivyo: nyumba ya paa bapa la udongo, mtu anaweza kusimama juu akaona mpaka mtoni. Basi kila Sechelela alipochukua mtungi kwenda kisimani, kaka alipanda ngazi akasimama juu ya paa. Ukimuuliza anafanya nini, anajibu anatazama mawingu. Julai! Hapa kwetu Dodoma, mwezi wa Julai, mtu anatazama mawingu! Majirani wakawa wakimwona tu juu wanaambiana, "Sechelela kaenda maji."

Tena kulikuwa na mambo ya mate. Mnajua tunavyomtuma mtoto: unatema mate chini, unamwambia, "Urudi kabla hayajakauka." Kaka alimtemea mate mke wake. Mwanamke mzima, aliyeposwa kwa heshima, anatemewa mate kama mtoto anayetumwa chumvi. Na kwa upepo wetu ule, mate yalikuwa yanakauka hata hajafika kwenye zizi. Akirudi anakuta mume wake amechutama pale pale, anatazama udongo mkavu, na maswali yanaanza. Umepita njia gani? Nani alikuwepo? Mbona mtungi haujajaa vizuri, uliona haya kukaa sana?

Sechelela alimjibu kwa upole miaka yote mitatu. Nilimsikia mara nyingi akisema, "Ndahani, huyo unayemtafuta hayupo." Kaka anatulia siku mbili. Siku ya tatu, juu ya paa.

Mwaka huo mambo yakazidi, kwa sababu zahanati mpya ya kata ililetewa dresa, mhudumu wa kutibu na kufunga vidonda. Aliitwa Mwakifamba, mtu wa Mbeya, mrefu, mwenye soksi nyeupe ambazo hata vumbi letu liliziheshimu. Alikuwa na baiskeli yenye kengele, anapita vijijini kupima watoto uzito. Wanawake wote walimsifu kwa sauti. Sechelela hakumsifu, na kaka akasema hiyo ndiyo dalili yenyewe. Kengele ile ikilia njiani, kaka aliacha chochote alichoshika, awe ameshika jembe, awe ameshika tonge.

Na mimi je? Mimi nilikuwa macho yake mengine. Paa lilikuwa linaonyesha njia ya kisimani, halikuonyesha jikoni wala kwenye kuni. Huko nilikwenda mimi, nikarudi na taarifa. Wifi kacheka na fulani. Wifi kachelewa kwenye jiwe la kusagia. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, bado sijaolewa, na kabla Sechelela hajaja mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kwa kaka. Akienda mnadani ananiletea kanga. Akichinja, firigisi ni yangu. Sechelela alipokuja na mwanya wake na shingo yake ndefu, kanga ikabadili njia na firigisi vilevile. Wivu wa kaka ulikuwa moto wa mabua, kila mtu aliuona. Wangu ulikuwa kaa chini ya majivu, na ndio unaoteketeza nyumba.

Sasa njooni kiwanjani.

Kwetu mtu hapuri uwele peke yake. Unapika pombe, unaita majirani. Wanaume wanasimama safu mbili wakitazamana, wanapiga masuke kwa fimbo, safu hii ikishusha ile inainua, huku wanaimba. Wanawake wanapepeta pembeni, ungo juu, punje zinashuka na makapi yanakwenda na upepo. Siku ile upepo ulikuwa mkavu wa kupasua midomo, na vumbi la uwele likawa linatuingia puani likichoma. Sechelela alikuwa ametokwa na damu kidogo ya pua jana yake, akaifuta akanyamaza. Siku ya kazi yake mwenyewe angesema anaumwa?

Basi ameinua ungo, mara tukaona punje nyeupe zina madoa mekundu. Damu ikamtoka kama bomba lililoachwa wazi. Ungo ukaanguka. Mama yetu akapiga kelele, "Mlazeni chali!" Tukamlaza chali, tukamwinua kidevu, tukammwagia maji utosini. Hivyo ndivyo tulivyojua sisi. Damu kutoka nje ikapungua, tukafurahi, kumbe ilikuwa inateremka kooni. Akaanza kupaliwa. Akakohoa, akajigeuza, akatapika damu tupu juu ya mkeka. Wimbo ukakatika na fimbo zikashuka.

Hapo ndipo ikalia ile kengele.

Dresa aliiangusha baiskeli bila hata kuisimamisha. "Mnamuua!" akasema. "Mtu wa pua halazwi." Akamketisha, akamwinamisha mbele kidogo, kisha akambana pua kwa vidole viwili, pale palipo laini chini ya mfupa. "Pumua kwa mdomo, mama. Damu ikija kinywani iteme, usimeze." Akatazama saa yake ya mkononi. "Dakika kumi kamili. Hapa hakuna kuachia."

Kaka alikuwa ndani na wazee wawili wakichuja pombe, hakusikia kitu. Nikakimbia kumwita. Wajukuu zangu, nimeungama mengi kanisani, lakini hili nililibakiza miaka mingi. Nilifika mlangoni nikasema, "Kaka, njoo uone. Mkeo kashikwa uso na dresa mbele ya watu wote."

Sikusema damu. Maneno yote mawili nilikuwa nayo mdomoni, nikachagua moja.

Alitoka na kata ya pombe mkononi. Alipowaona, yule mwanamume amechutama, mkono wake usoni mwa Sechelela, na Sechelela amefumba macho, hakuona kingine chochote duniani. Aliupiga ule mkono kwa kata. Mkono ukaachia, na damu ikaruka mpaka kwenye zile soksi nyeupe.

"Toa mkono wako kwa mke wangu!"

"Bwana Ndahani, mkeo anatoka damu," dresa akasema, akikisugua kiganja chake. "Ilikuwa imebaki kidogo tu."

Kaka ndipo akaiona. Kwenye kanga, kwenye mkeka, kwenye uwele. Kata ikamwanguka, akaanza kumwinamia. Lakini wivu hauna haya, ulimshika ukamsimamisha. "Nitamshika mwenyewe," akasema.

"Vizuri, ndivyo inavyotakiwa. Kaa hapa. Siyo hapo juu kwenye mfupa, huku chini. Ainame mbele. Bana, na usiachie mpaka nikwambie."

Akabana. Kama dakika mbili hivi akainamisha kichwa, akamnong'oneza, "Nani alimwita? Alikushika tangu saa ngapi?" Sechelela anapumua kwa mdomo, atajibuje? Kaka akalegeza vidole ili ajibiwe, na damu ikaja.

"Ukiachia, tunaanza kuhesabu upya," dresa akasema. "Damu inataka kuganda ndani kama uji unavyofanya ngozi. Ukigusa gusa, haiwezi. Bana."

Akabana tena. Safari hii dresa alisogea kumwomba mama maji ya baridi na kitambaa, na akapita upande wa nyuma ya Sechelela. Kaka akageuza shingo kumfuata kwa macho, akitaka kujua anatazama wapi. Shingo ilipogeuka, vidole navyo vikateleza. Damu.

Mara ya tatu alikaza kweli. Jasho lilimtoka. Tukasema leo kaweza. Lakini kabla dakika hazijatimia akasema, "Nahisi imekwisha," akainua kidole kimoja, polepole, akachungulia. Damu ikamtiririkia mpaka kwenye kiwiko.

Hapo tuliogopa kweli. Midomo ya Sechelela ilikuwa imepauka kama imepakwa majivu. Dresa naye uso ulibadilika. "Ikipita nusu saa hivi, si kazi ya vidole tena," akasema. "Itabidi apelekwe hospitali, na hospitali iko mbali. Nani mwingine hapa anaweza kushika bila kuchungulia?"

Kabla hatujajibu, Sechelela akatema damu iliyokuwa kinywani akasema, "Ndahani, toa mkono."

"Sechelela, mimi..."

"Toa. Wewe hujui kushika."

Akautoa ule mkono mwenyewe, kidole kimoja kimoja. Kisha akaibana pua yake kwa mkono wake, akainama mbele, akatulia. Mama akamwekea kitambaa cha maji juu ya pua. Dresa akaenda akasimama mbali, akatupa mgongo makusudi, akawa anatazama saa yake na kusema tu, "Bado... bado." Wanaume wameshika fimbo zao, hakuna anayepiga. Watu wazima arobaini tulikuwa tunamtazama mwanamke mmoja ameshika pua yake. Kaka alikuwa amekaa chini, viganja vyekundu vimelala juu ya mapaja, hajui aviweke wapi.

"Sasa," dresa akasema. "Taratibu."

Akaachia. Tukangoja. Halikudondoka hata tone.

Dresa akampa masharti: asipenge kamasi, asitie kidole puani, asiiname kuchota wala asibebe mtungi leo na kesho, ikirudi, afanye vilevile, na ikikataa, zahanati mara moja. Akaokota baiskeli yake, akaondoka na soksi zake zenye damu. Hakupiga kengele.

Sechelela akanawa uso. Akamgeukia kaka, na hakupaza sauti, ila kiwanja kizima kilisikia.

"Umeona imekauka? Imekauka kwa sababu imepata mtu wa kuishika asiyetaka kuona. Mimi miaka mitatu unanifungua unanitazama, unanifungua unanitazama. Leo umetaka kuniua kwa kunitazama. Nimechoka, Ndahani. Kesho naenda kwetu Ilolo. Nitarudi mwenyewe, wiki tatu zikiisha. Usinifuate, usitume mtu. Ukichungulia hata mara moja, tunaanza kuhesabu upya. Na sijui kama nina damu ya kuhesabia mara tatu."

Kesho yake, jua likiwa bado changa, mama yetu alimbebea mzigo akamsindikiza hadi ng'ambo ya mbuga. Kaka alisimama mlangoni. Hakupanda paa. Walipopotea kwenye miti akaichukua ile ngazi, akaipasua kwa shoka, akampa mama kuni zake.

Nawaambieni, sijapata kuona mwanamume anafanya kazi ngumu kama ile ya kukaa. Kila Alhamisi dresa alipita kwenda kupima watoto huko huko Ilolo. Kengele ikisikika, kaka alikuwa anaingia kwenye zizi la mbuzi anazoa samadi kwa nguvu zake zote mpaka sauti ipotee. Hakukuwa na zizi safi kama letu Chidilo nzima. Alikonda. Usiku mama alimsikia akizungumza peke yake, asubuhi anatuamkia kama kawaida. Siku moja nikaanza, "Kaka, nimesikia kwamba huko Ilolo..." akaniinulia kiganja. "Nyemo, usiniambie. Liwe zuri, liwe baya, usiniambie."

Niliumia. Mngedhani ningefurahi, maana sasa nilikuwa naye peke yangu, napika mimi, firigisi ni yangu tena. Lakini yule kaka wa kunisikiliza hakuwepo. Nilikuwa macho yake, na sasa mtu amefumba. Hata akiwa hayupo, Sechelela alikuwa ameijaza nyumba kuliko mimi niliyekuwepo. Nikawa najiambia: huko anafurahia nini? Atakuwa amenenepa. Atakuwa anacheka na yule mtu wa Mbeya, na kaka yangu anakufa na samadi. Wiki ya tatu ikanishinda. Nikamwambia mama nakwenda kutafuta mbuzi aliyepotea, nikashika njia ya Ilolo.

Nilifika adhuhuri. Ua wao ulikuwa wa mabua ya mtama, nikapata tundu saizi ya jicho.

Sechelela alikuwa amekaa uani na mama yake. Hapakuwa na mtu mwingine. Alikuwa anafunga mzigo. Unga wa uwele aliouweka kwenye kifuko, kibuyu kipya cha mama mkwe wake, shati la Ndahani alilokwenda nalo kulishona kwapa. Nikasikia mama yake anauliza, "Na kanga hii mpya, utaivaa kesho njiani?"

"Siyo yangu hiyo," akasema. "Ni ya wifi Nyemo. Naambiwa kaka yake alikuwa akimletea, na tangu nimeingia mimi hajaletewa. Hatujawahi kukaa vizuri mimi naye. Labda tutaanzia hapo."

Wajukuu zangu, ningeweza kurudi nyuma wakati huo huo. Sikurudi. Nikaegemea, na bua likavunjika.

"Nani huyo?" mama yake akaita.

Sechelela akainua macho, na yakakutana na langu kwenye tundu. Alinitambua kwa jicho moja tu, alikuwa amelizoea. Hakukasirika. Aliutazama ule mzigo wake, akautia mkono, akaanza kuufungua. Akatoa shati. Akatoa kibuyu, akakiweka chini ya ukuta.

"Karibu ndani, wifi," akasema. "Kwa nini usimame nje kama fisi?"

Nikaingia. "Natafuta mbuzi," nikasema.

"Mbuzi wa rangi gani?" mama yake akauliza, na mimi nisikumbuke hata rangi moja ya mbuzi.

"Ndahani amekutuma," Sechelela akasema.

"Hakunituma, wifi. Hajui. Haki ya Mungu hajui. Ngazi ameichanja kuni. Nikitaka kumwambia habari zako ananinyamazisha. Nimekuja mwenyewe."

"Na mimi nitajuaje?"

Sikuwa na shahidi. Nilichokuwa nacho ni lile jambo langu baya, basi nikalitoa. Nikamwambia siku ile ya kupura mimi ndiye niliyemwita kaka, na kwamba nilimwambia ameshikwa uso na dresa, na sikumwambia anatoka damu. Nikamwambia nilichagua.

Mama yake akaweka mkono mdomoni. Sechelela akanigeukia. "Kwa nini, Nyemo? Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea. Nilikuonea wivu. Kabla yako nilikuwa wa kwanza."

Nililia pale kama mtoto. Hakunibembeleza, wala hakunifukuza. Aliikunja ile kanga, akaingia nayo ndani, akarudi mikono mitupu.

"Nilidhani nina mume mmoja anayenichungulia," akasema. "Kumbe mlikuwa wawili. Sasa sikia, wifi. Pua ichunguliwayo haikauki damu. Kesho nilikuwa narudi. Sasa tunaanza kuhesabu upya, wiki tatu nyingine. Nenda kamwambie kaka yako, na umwambie kwa mdomo wako kwa nini."

Mama yake, ambaye mdomo wake haukuwa na kifuniko, aliyachukua maneno yale. Jumapili yalikuwa kanisani Ilolo, mwezi uliofuata yalikuwa mnadani, na leo Mzee Chibago anayasema kwenye kipaza sauti kama ya babu zake. Lakini siku ile nilikuwa nayo mimi peke yangu, na njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda.

Nilimkuta kaka kwenye zizi. Nikasimama nje ya boma nikamweleza yote, kuanzia mlangoni pale kwenye pombe mpaka kwenye tundu la ua. Sikujitetea. Yeye alisikiliza ameshika koleo. Nikasema moyoni, akinipiga nitanyamaza.

"Wiki tatu," akasema. "Nimekaa wiki tatu, Nyemo. Unajua nimekaaje?"

"Najua, kaka."

Akaangalia upande wa Ilolo, akaniangalia mimi. Kisha akasogea mpaka kwenye miti ya boma, na sauti ikamtoka ndogo mno.

"Alikuwa na nani?"

Jibu nilikuwa nalo. Alikuwa na mama yake, kaka, peke yao, anafunga mzigo wa kurudi kwako, na shati lako kalishona kwapa. Lilikuwa jibu zuri kuliko yote niliyowahi kumletea, na neno moja tu lingemlaza usingizi usiku ule. Nilimpenda, na nilitaka sana anisamehe. Lakini nilijua nikimpa hilo leo, kesho ataniomba lingine, na keshokutwa tutakuwa tumejenga ngazi mpya.

"Kaka," nikasema, "pua ichunguliwayo haikauki damu."

Alinitazama kana kwamba nimempiga kofi. Akafumba macho. Akajishika mdomo kwa kiganja chake mwenyewe, akaubana, akakaa hivyo. Halafu akarudi kwenye samadi.

Tulihesabu upya, yeye na mimi. Zile wiki tatu za mwanzo zilikuwa mchezo. Kijiji kikamaliza kupura, ghala zikajaa, upepo ukapungua. Sechelela hakuja siku ya ishirini na moja. Wala siku ya ishirini na mbili, na hapo nilidhani kaka atapasuka, lakini hakutoka nje ya boma. Siku ya ishirini na tano, mchana wa jua kali, alitokea njiani na mzigo kichwani, peke yake.

Kaka alimpokea mzigo. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, nasubiri. Njia nzima ya maswali ilikuwa wazi mbele yake: mbona umechelewa siku nne, umepita wapi, umekutana na nani.

"Umekula?" akamuuliza.

Sechelela akasema hajala. Sikungoja kusikia lililofuata. Nilichukua mtungi nikaenda kisimani, na nilikaa huko mpaka jua likapoa. Kanga yangu niliipata mwaka uliofuata, siku baba yenu alipozaliwa.

Hivyo ndivyo pua ilivyoingia harusini. Mzee Chibago alikuwa mmoja wa wale wenye fimbo kiwanjani, aliona kwa macho yake. Na jana hakuwa akimwambia bwana harusi peke yake. Siku hizi hakuna tembe la kupanda wala mate ya kutema. Kuna simu ya mtu imelala mezani. Ndugu yenu Elikana atajifunza kuiacha ilale, au hatajifunza, hilo ni lake na mke wake. Mimi nawatazama ninyi dada zake. Nimeamka mapema leo kuliko mlivyodhani, na nimewaona wote watatu mmejibanza chini ya dirisha la maharusi. Rudini kwenye masufuria yenu, na mwacheni yule binti akae. Pua ichunguliwayo haikauki damu.